Swichi ya Bibi Martha

Bibi Martha aliita mara mbili tu, na Genoveva akaamka mara tano.

Ndivyo mambo yalivyokwenda mle nyumbani, Maisaka, tangu kiharusi kilipomlaza huyo mama mkwe wake chali. Taa ikiwaka hapati usingizi, ikizimwa anaogopa giza, na swichi yenyewe iko kule mlangoni. "Geno! Washa." "Abee, mama." "Geno! Zima." "Abee, mama." Na saa kumi alfajiri Genoveva awe ameshakanda unga wa maandazi ya kupeleka stendi. Mumewe Konstantini yuko Mererani machimboni, anatuma salamu. Binti yao Zawadi yuko shule ya bweni. Hakuna wa kumpokea zamu.

Asubuhi moja alinung'unika kidogo, si kwa ubaya. "Mama, jana umeniamsha mara tano."

"Mimi? Nimekuita mara mbili, mwanangu. Nahesabu, maana nakuonea huruma."

Genoveva akaona ni uzee. Marehemu mama yake, kule Bonga, alikuwa akimwonya: "Ukiitwa gizani usiitike mwito wa kwanza. Mtu ataita tena. Asiye mtu atakwenda zake." Lakini mwenye deni la usingizi wa mwaka mzima atangoja mwito wa pili kwa nguvu zipi? Aliitika wa kwanza, amefumba macho, ili amalize arudi kulala. Na kila aliporudi, korido ilinuka utambi uliopulizwa sasa hivi, ilhali nyumba ile haikuwa na kibatari tangu umeme uingie.

Basi akamwita Herieli wa Bagara, fundi umeme. Akaja Jumamosi mchana, mvua inanyesha, kiboksi kidogo kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umekuja kunibomolea ukuta?"

"Sibomoi hata chembe. Hii swichi haina waya. Naibandika hapa ubavuni mwako, ukibonyeza inatuma ishara tu, kama rimoti ya televisheni. Umeme unabaki juu, kwenye kipokeo nitakachofunga karibu na taa. Hata uibonyeze na mkono wenye uji, haikufanyi kitu."

"Na huyu Geno wangu atalala?"

"Atalala mpaka majirani walalamike kukoroma."

Genoveva akacheka. Alikuwa amesahau kicheko chake kinavyosikika.

Herieli akazima umeme kwenye boksi la barazani nje, akamsimamisha Genoveva pale. "Mama Zawadi, mimi niko juu ya ngazi, nyaya ziko uchi mkononi. Nikisema washa, ndipo uwashe nijaribu. Nisiposema, usiguse."

Akaingia ndani. Genoveva akaegemea nguzo, mvua ikamwimbia juu ya mabati, kope zikawa nzito. Kutoka koridoni sauti ikaita: "Mama Zawadi! Washa!"

"Abee!" Akapandisha.

Kilio kikapasua nyumba, ngazi ikaanguka. Alipofika chumbani, Herieli alikuwa sakafuni, vidole viwili vimebabuka, anapumua kama mtu aliyetolewa mtoni.

Akatema kitu kilichokuwa bado katikati ya meno yake. "Nani kakwambia uwashe?"

"Si wewe? Umeniita kwa jina!"

Herieli akaokota kile alichokitema, akakiinua. Bisibisi. "Ningeitaje na hii mdomoni?"

Halafu bibi akasema polepole, "Sauti imepita hapo mlangoni. Nikadhani fundi kaja na mwenzake." Na harufu ya utambi ikaingia, ikakaa.

Herieli angeweza kuondoka. Akamtazama Genoveva mwenye macho mekundu yaliyoingia ndani, akajifunga kitambaa vidoleni. Akashusha umeme, akafunga boksi kwa kufuli la baiskeli yake, ufunguo akautia mfuko wa shati. "Hivi ndivyo nilivyofundishwa. Uvivu ulinidanganya nikategemea kuitana. Sasa aite nani atakaye." Akagusa kila waya kwa testa kwanza kuhakikisha hauna umeme, ndipo akapanda.

Kile kisicho mtu kikaita. Kiliita washa kwa sauti ya Herieli, kikaita Geno kwa sauti ya bibi ilhali bibi amelala pale amefumba mdomo, kisha kikaja karibu kabisa na sikio la Genoveva aliyesimama kwenye boksi, kikaita kwa sauti ya Zawadi, mama njoo nimeumia, mama mbona huitiki, na Genoveva akauma ncha ya khanga yake, machozi yakimtiririka, akalitazama lile kufuli na kulishukuru kama mtu, kwa maana mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka wenyewe kwa mazoea ya mwaka mzima.

Herieli akamaliza. Akafungua kufuli, akawasha mwenyewe. Bibi akabonyeza swichi ya ubavuni. Taa ikawaka. Akazima. Akawasha tena, kama mtoto. Harufu imekwisha.

"Kimeshindwa," akasema Herieli, lakini soda aliyowekewa hakuimaliza.

Usiku ule Genoveva hakuitwa. Alilala kama jiwe, akaamka jua limeingia, mwili mwepesi hadi akajionea aibu. Akampelekea bibi uji.

"Asante, mwanangu, kwa kukesha nami," akasema bibi.

"Kukesha?"

"Si ulikaa hapo miguuni mpaka kukakucha? Ila umenionea. Swichi mpya, na kila nikibonyeza unasema, 'Zima mama, inanichoma macho.' Nikazima. Nitafanyaje? Sauti yako imechoka sana, Geno."

Genoveva akaweka kikombe mezani taratibu kisimwagike. Akaenda jikoni kama anafuata sukari, asimtie mgonjwa hofu, akasimama ameshika ukuta. Sauti ya bibi, ya fundi, ya Zawadi. Na yake, aliyoitoa mwenyewe usiku baada ya usiku kwa kuitika mwito wa kwanza.

"Geno!" bibi akaita kutoka chumbani.

Safari hii akakumbuka maneno ya mama yake. Akafumba mdomo, akangoja mwito wa pili.

Haukuja. Pale koridoni, kati yake na bibi, mtu aliitika kwa sauti yake ileile ya uchovu:

"Abee, mama."