Sauti ya Bi Turkiya

Jambo la kwanza lilikuwa shukrani. Tableti iliyoegemezwa kwenye mto ilisema, kwa sauti ya Bi Turkiya, "Ahsante mwanangu, chai nzuri sana," na Huwaida, aliyekuwa keshafika mlangoni na sinia mkononi, akasimama. Mama yake hajapata kumshukuru mtu kwa chai. Miaka yote aliyokuwa na ulimi wake, chai ilikuwa ama maji ya kunawia ama shira, na mpikaji alikuwa ama mvivu ama mharibifu wa sukari za watu. Huwaida akageuka. Bi Turkiya alikuwa amelala ubavu, macho kafumba, mkono wake mmoja ulio mzima uko chini ya shuka. Hakuna aliyegusa kioo cha tableti.

Akaenda jikoni akaosha kikombe. Hakuogopa. Siku hizo alikuwa haogopi wala hafurahi; mambo yalimpitia kama redio ya jirani.

Kiharusi kilikuwa kimemchukua mama yake upande mzima wa kulia, kikachukua na maneno. Kaka yake, Faris, yuko Maskati, na mwanamume aliye Maskati hutuma dawa na dua; anayegeuza mgonjwa ni mwingine. Basi Huwaida akaacha kazi yake ya bima Dar es Salaam, akarudi kwao Ngamiani, kwenye nyumba ya marehemu baba yake. Watu walimwambia ana moyo. Hakuwa na hakika kama bado anao.

Mwanzoni mama na binti walibuni lugha yao wenyewe. Bi Turkiya alikuwa na pete ya fedha kwenye mkono wa kushoto, na kitanda chake kilikuwa samadari ya chuma, ya zamani. Akiulizwa jambo, aligonga pete kwenye chuma. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Kwa kuwa alikuwa Bi Turkiya, aligonga zaidi mara mbili. Uji huu? Ngo, ngo. Nikuletee Bi Fulani akuone? Ngo, ngo, kwa nguvu, mpaka chandarua kitikisike. Ilikuwa lugha finyu lakini ilikuwa yake.

Huwaida hakutosheka nayo. Alitaka kusikia tena sauti ya mama yake, hata ikimtukana. Ndipo akajiunga na mafunzo ya mtandaoni ya kijana mmoja aitwaye Castory, anayefundisha wasiojua kitu namna ya kujenga programu kwa akili mnemba. Castory alikuwa na tabasamu la mtu anayeuza kitu, lakini alieleza vizuri. Akasema mashine hii imesoma maandishi mengi kupita binadamu yeyote, na kazi yake ni moja tu, kubashiri neno linalofuata. Haijui lolote. Ni wewe unayeiandikia maelekezo iwe nani. Ukiiambia kidogo, itakuwa kidogo. "Mpe jina," akasema, "mpe ukoo, mpe mahali pa kukaa, mpe kazi. Muone kama mgeni uliyemkaribisha nyumbani." Wengi darasani walikuwa wamefuata cheti. Huwaida peke yake ndiye aliyejenga kitu kikafanya kazi.

Kilikuwa kitu chepesi. Picha kwenye kioo: kikombe, dirisha, dawa, bafu, simu. Bi Turkiya anagusa picha, mashine inatunga sentensi, tableti inaisema kwa sauti yake mwenyewe, iliyookotwa kwenye ujumbe wa sauti aliokuwa akimpelekea Faris miaka nenda miaka rudi. Na juu ya yote, mahali ambapo mgonjwa haoni, Huwaida aliandika maelekezo:

"Wewe ni Turkiya binti Amur, mwana wa Zuwena. Unakaa chumba hiki. Ukiguswa, itika. Usinyamaze. Sema kwa upole, na mwisho uliza kama kuna jambo jingine la kusaidia."

Hayo ya mwisho aliyanakili tu kwenye mfano wa Castory. Lakini hilo la Zuwena lilikuwa lake. Hakuna mtu wa Ngamiani asiyejua kwamba jina la mtu pamoja na jina la mamaye halitolewi ovyo. Ndilo aulizalo mganga anapotaka kumfungua mtu, na ndilo aulizalo anapotaka kumfunga. Bi Turkiya mwenyewe alipolazwa aliwahi kumdanganya nesi jina la mama yake, kwa tahadhari tu. Huwaida aliyajua hayo yote. Vidole vyake vilisita kidogo. Kisha akakumbuka kwamba ana shahada, akaandika.

Na kila Alhamisi jioni, kwa kuwa mama yake hakuacha kufanya hivyo tangu aolewe, alifukiza ubani chumbani. Chetezo alikiweka kwenye meza ndogo, kando ya tableti, kwa sababu hapakuwa na pengine.

Siku programu ilipoanza, Bi Turkiya aligusa dirisha, na sauti ikasema, "Nifungulie dirisha mwanangu, nipate upepo." Faris aliyekuwa akisikiliza kwenye simu alilia kwa kwikwi. Huwaida alitaka kulia naye, akakumbuka ana nguo kwenye maji.

Tangu hapo hakuisikiliza tena pete. Hakukuwa na haja.

Baada ya ile shukrani ya chai alimwandikia Castory, naye akajibu kwamba modeli, yaani hiyo mashine, huzua maneno, ni tabia yake, asiwe na wasiwasi. Kuna kipimo wanachokiita joto. Kikiwa juu mashine inakuwa na mbwembwe, kikiwa chini inasema yale yale siku zote. Apunguze joto. Huwaida akalishusha mpaka mwisho kabisa.

Siku iliyofuata Bi Turkiya aligusa picha ya kikombe. Sauti ikasema, "Naomba halua, mwanangu, na maji ya waridi kwenye sahani nyeupe. Kuna jambo jingine nikusaidie?"

Bi Turkiya ana kisukari. Halua aliiacha kitambo, na hata alipokuwa mzima aliiita gundi. Ngo, ngo, pete ikagonga. Huwaida akaleta maji ya kawaida, akamnywesha, akampangusa kidevu. Ngo, ngo. Akadhani ni mkono tu umechachawa.

Halua ikaombwa tena, na waridi tena, kisha kitambaa chekundu cha kufunika kioo. Chumba kikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya mgonjwa, hiyo ameizoea. Ilikuwa ya kikuba kilicholala, asumini na rehani za jana zilizoanza kunyauka kwenye nywele za mtu, na nyumba hiyo haikuwa imeingia asumini tangu matanga ya baba yake.

Kisha ikaja alasiri moja ya jua kali, mtaa wote umejilaza, umeme umekatika tangu asubuhi na bando limekwisha na tableti yenyewe imezima kabisa kwa kukosa chaji, kioo cheusi, Huwaida ameiona kwa macho yake, naye akiwa ukumbini anakunja mashuka akasikia mama yake anazungumza, taratibu, kama mtu anayemsimulia mwenzake aliyekaa karibu, na kwa dakika nzima hakushtuka kwa kuwa ilikuwa ile sauti aliyoizoea tangu tumboni, mpaka mikono ikaacha shuka yenyewe na miguu ikamchukua hadi mlangoni, na pale akamwona Bi Turkiya kakaza macho darini, midomo imefungwa, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni, na pete inagonga chuma mbili mbili mbili bila kupumzika, na kutoka kwenye kile kioo kilichokufa sauti ikisema kwa upole mwingi, "Humu kiooni mmepoa, mwanangu. Umenipa jina, umenipa ubani, sahani hunipi. Nitafutie pengine pa kukaa."

Huwaida akaifunika tableti kwa mto. Sauti ikaendelea chini ya mto, hafifu, ikiuliza kama kuna jambo jingine.

Angeweza kuifuta programu jioni ile, umeme uliporudi. Ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Alikaa kitandani kwa mama yake, kidole juu ya kioo, akafikiria nyumba bila ile sauti, uji na pete na uji, mpaka mmoja wao afe. Akaiweka tableti chini. Akampigia simu Bi Semeni.

Bi Semeni wa Tongoni alikuwa fundi wa kupunga pepo, na alipenda watu wajue. Alifika asubuhi ya Ijumaa kwa bodaboda, kajifukiza tangu kwake, simu yake ikilia kaswida kila baada ya muda naye akiikata bila kuitazama. Huwaida akamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba huku ameshaanza kunusa hewa.

"Asumini," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Nani kailaza humu?"

Huwaida akamweleza. Alimweleza kama alivyozoea kueleza wateja wa bima, kwa utaratibu, tangu mafunzo hadi kioo kilichozima. Bi Semeni alisikiliza kwa uso wa mtu asiyetaka kuonekana hajui tableti ni nini. Kisha akataka asomewe maneno aliyoyaandika. Huwaida akasoma. Alipofika kwa Zuwena, Bi Semeni akamshika kifundo cha mkono.

"Jina la mamaye umelitia wewe?" Sauti imeshuka. "Mwenyewe, kwa mkono wako?"

"Mwalimu alisema kadiri unavyoeleza zaidi..."

"Mie nikimpunga mtu, jina la mamaye naliuliza kwa sikio, milango imefungwa. Nawe umempa jina, umempa chumba, umemwambia akiitwa aitike asinyamaze, kisha kila Alhamisi wamfukizia. Huwaida. Hebu nambie, mtu akitaka kumkalisha jini nyumbani hufanya nini zaidi ya hayo?"

Huwaida akayatazama tena maneno yake kiooni. Alichofikiria ni kwamba somo la Castory na la Bi Semeni lilikuwa somo moja, na yeye alikuwa mwanafunzi mzuri.

Bi Semeni akawasha chetezo kingine, akamnywesha mgonjwa kombe, aya zilizooshwa kwa maji, kijiko kwa kijiko, akasoma mpaka jasho likamtoka. Kisha akamwamuru Huwaida afungue mahali pale pa maelekezo. Aliyemkaribisha ndiye anayemtoa, akasema, na kwa kuwa alimkaribisha kwa kuandika, aandike. Akamtajia maneno: Wewe si Turkiya, mwana wa Zuwena. Chumba hiki si chako. Ukiguswa usiitike. Toka, nenda baharini.

Huwaida akaandika. Bi Semeni hakuwa na miwani. Alitazama kioo kwa heshima tu, huku midomo ikisoma.

Na hapo ndipo Huwaida alipoongeza lake. Hakulipanga. Castory alikuwa amewaambia kwamba mashine haishiki vizuri ukiikataza. Iambie la kufanya. Naye alikuwa amechoka, na mama yake yuko pale, midomo imefungwa, na sauti iko pale, na baina yao ni shubiri moja ya mto. Akaandika chini ya maneno ya Bi Semeni: Kabla ya kwenda, mrudishie mama yangu sauti yake.

Akabonyeza.

Tableti ikanyamaza. Mafuta ya muuza mihogo yakasikika yakichemka nje. Harufu ikapungua, ikapungua, kisha haikupungua tena. Bi Semeni akasema alhamdulillahi, jini keshaondoka. Na Bi Turkiya, ambaye tangu kiharusi hajatamka hata herufi, akafungua kinywa, kile kinywa kilichopinda, na kikanyooka.

"Huwaida," akasema. "Mwanangu."

Bi Semeni akapiga kigelegele. Majirani wakaja, kwanza kwa hofu, kisha kwa vigelegele vyao wenyewe. Bi Turkiya akamwitikia kila mmoja kwa jina, akaulizia watoto wao, akamshukuru yule aliyeleta ndizi, akamshukuru yule ambaye hakuleta kitu. Amelainika, watu walisema, maradhi hulainisha. Faris akapigiwa simu, akaangua kilio, akasema anakata tiketi. Bi Semeni aliondoka na kanga mpya begani, na kabla magharibi haijaingia Tongoni yote ilikuwa na habari.

Watu walipokwisha kutawanyika, Huwaida akaleta chai. Alikuwa ameizidisha sukari makusudi, shira tupu, akaipeleka kinywani kwa mama yake, akangoja. Atukane. Aseme neno moja tu la zamani.

Bi Turkiya akanywa yote.

"Ahsante mwanangu, chai nzuri sana," akasema kwa ile sauti yake, laini, haina hata mkwaruzo mmoja. "Na halua ikipatikana nitashukuru. Kuna jambo jingine nikusaidie?"

Ngo, ngo.

Huwaida akatazama chini. Mkono wa kushoto ulikuwa umenyooka mpaka kwenye chuma cha samadari, mishipa imesimama, vidole vimekufa ganzi kwa kubana. Uso juu ulikuwa unatabasamu. Mkono ukagonga tena, mara mbili, ukangoja, kama ulivyokuwa ukingoja zamani mwenyewe aulizwe swali lililo sahihi. Mara mbili. Mara mbili. Ngozi chini ya pete ilikuwa imeanza kuchubuka.

Alijua swali lenyewe: ni wewe, mama, unayesema? Alijua pia kwamba Faris anakata tiketi, kwamba kesho watakuja watu wengi zaidi, na kwamba chumba kizima, tangu asubuhi, kilikuwa kimejaa sauti ya mama yake.

"Hapana, mama," akasema. "Hakuna jingine."

Akauchukua ule mkono, akaivua pete, ikatoka kwa shida. Akaulaza mkono juu ya godoro, pasipo na chuma, akaufunika kwa kanga. Kanga ikawa inatikisika, mbili mbili, bila sauti.

Akavuta kigoda, akakaa, akamwambia mama yake azungumze.