Njia Panda ya Kiwanda cha Matofali

Mwaka jana, siku ya maonyesho, uwanja ulijaa mpaka pa kuweka mguu hapakuwapo. Pikipiki za zamani zilipangwa safu, zimesuguliwa zikang'aa kuliko wenyewe, na majaji wawili walisimama mbele ya moja iliyogoma kuwaka. Mwenye nayo, daktari wa meno, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, alikuwa anapiga kiki ya ishirini. Watazamaji walishaanza kumhesabia kwa sauti.

"Kaka, utavunja mguu," alisema mtu nyuma yake.

Alikuwa mwanamke aliyevaa ovaroli ya buluu, midomo imekolea rangi nyekundu, spana imechomoza mfukoni. Hakungoja kukaribishwa. Aliinama, akachomoa plagi, akaipangusa kwa pindo la kitambaa chake cha kichwa, akairudisha.

"Sasa piga."

Ikawaka mara moja. Watu wakashangilia.

"Unafanya kazi gani wewe?" aliuliza yule mwanamke.

"Daktari wa meno."

"Yaani meno ya watu unang'oa, plagi yako mwenyewe inakushinda?"

"Meno hayana petroli, dada."

Alicheka kicheko cha kutoka tumboni. Hapo Daktari akapatikana, na mwenyewe alijua amepatikana. Wiki ile ile alijiunga na klabu ya pikipiki ya yule fundi, ambaye wenzake walimwita Spana hata wakasahau jina lake. Mwaka mzima simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula grisi."

"Basi nakuja na chakula."

"Njoo na sabuni pia, tabibu wangu."

Spana alimpenda, hilo tuliseme wazi. Kuamini ndiko kulikomshinda. Mchumba wake wa kwanza aliaga kwamba anakwenda kununua mkate. Huu mwaka wa nne, na mkate haujafika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jumamosi ya maonyesho ya mwaka huu, klabu ilikusanyika saa moja asubuhi kwenye kituo cha mafuta ili waongozane hadi uwanjani. Daktari, ndani ya koti jipya la ngozi lililokuwa bado linalia kila akigeuka, alimvuta Spana pembeni.

"Nataka kukuoa."

"Hapa? Kwenye pampu?"

"Popote. Nijibu tu."

Moyo wa Spana ulitaka kusema ndiyo, ulimi ukaogopa. "Nipe mpaka jioni."

"Haya, jioni," alijibu Daktari, lakini uso ulimshuka, na Spana aliuona ukishuka.

Mwenyekiti wa klabu, shangazi yake Spana, mama mstaafu wa posta asiyejua kunong'ona, alipanda juu ya ngazi ya duka.

"Sheria ni ile ile! Kila kona tunayokata, mmoja anasimama kuwaonyesha wa nyuma njia. Haondoki mpaka apite wa mwisho, Spana, mwenye kizibao chekundu. Haondoki hata kwa mvua ya mawe. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Mwenyekiti!"

Daktari alipewa kona ya mwisho, njia panda ya kiwanda cha matofali. Kona nyingine zote zikiwa zimeshapitwa, nyuma kabisa, cheni ya mzee mmoja ilikatika. Spana alihangaika nayo karibu saa nzima, ikamshinda, wakaipakia pikipiki kwenye pikapu ya klabu. Majaji walikuwa wanaanza saa nne, kwa hiyo dereva wa pikapu alikata njia ya mkato, na Spana akamfuata, akili yote iko kwenye ile cheni. Waliingia uwanjani kwa geti la nyuma.

Nafasi namba kumi na saba, ya Daktari, ilikuwa tupu.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, na tena, huku watu wakipita na ndizi na soda na watoto mabegani. Kufikia saa sita alikuwa ameshafuta rangi ya midomo kwa nyuma ya kiganja. Alimfuata Shangazi kwenye meza yake.

"Kaondoka, Shangazi. Nimemwomba asubiri jioni, hata mchana kashindwa kuufikisha."

"Nani kaondoka?"

"Daktari. Wanaume ni wale wale. Kanikimbia."

Alilisema kwa sauti, wanachama watatu wakasikia. Shangazi alivua miwani.

"Mwanangu, pale kiwandani ulimpita saa ngapi?"

Spana alihesabu kona za asubuhi kwa vidole, ya mwisho ikakosekana.

"Sijapita pale," alisema. "Shangazi, mimi sijapita pale kabisa!"

"Sasa unalia nini mbele yangu? Panda pikipiki!"

Kilometa kumi na mbili. Njia nzima aliomba mambo mawili yasiyopatana: Daktari awepo, na maskini asiwepo kwenye jua lile.

Alikuwepo. Alisimama kando ya pikipiki yake, mkono umenyooka kuelekea kushoto, vumbi jekundu limempaka mpaka kope. Alipokiona kizibao, mkono ulishuka.

"Uko mzima?" aliuliza kabla Spana hajazima injini. "Hukuanguka?"

"Niko mzima. Umesimama hapa tangu asubuhi?"

"Tangu saa mbili na robo. Saa ya kwanza nikasema ni mtambo wa mtu umegoma. Saa ya pili nikasema umeanguka. Baada ya hapo nimesimamisha kila lori kuuliza kama wameona ajali."

"Na simu?"

"Imezima. Jana nilijirekodi nikijifunza kukuposa, nikasahau kuichaji."

"Si ungekuja tu uwanjani?"

"Halafu wewe upite, usikute mtu?"

"Njia naijua, Daktari. Mwaka wa tisa huu."

"Najua unaijua!" Sauti ilimpanda. "Nina njaa, nina kiu, na nimekukasirikia mpaka basi. Lakini hukuwa umepita."

Spana alilia bila kujificha.

"Nilikusahau," alisema. "Nimefika kwa njia nyingine, nikakuta hupo, nikakutangaza mbele ya watu kwamba umenikimbia. Nisamehe."

Hasira ya Daktari ilikuwepo, lakini haikuwa na nguvu ya kusimama mbele ya furaha ya kumwona mzima.

"Hukuanguka," alisema. "Hayo mengine tutayamaliza."

"Jioni ni mbali. Nimekubali."

"Umekubali nini? Sema yote, leo nimechoka kukisia."

"Nimekubali unioe. Hata kesho."

Daktari aliitikia kwa kichwa taratibu. Kisha miguu iliyovumilia kusimama kwa saa nne nzima ikakataa kazi, akaketi chini pale pale kwenye vumbi, na koti lake jipya.

Simu ya Spana ikalia. Shangazi.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Alhamdulillahi! Majaji wanaulizia namba kumi na saba. Mnakuja?"

"Bado, Shangazi. Ndiyo kwanza amekaa."

"Mwache akae, mwanangu," alisema Shangazi. "Na wewe kaa naye."