Umeme wa Miaka Ishirini na Mitano

Kipimapaa kilitambaa juu ya paa la Nyamizi kwa miguu yake sita, kikafika upande wa kaskazini, kikasimama kupima kivuli cha tangi la maji la jirani. Kwa nusu saa tu kiliweza kukokotoa mwanga wa kila siku kwa miaka ishirini na mitano ijayo, mawingu ya masika yakiwemo. Wakati huo Tabora nzima iliishi kwa umeme wa mapaa, na hakuna fundi aliyethubutu kufunga paneli hata moja bila mdudu huyo wa chuma.

Kilipima na watu pia. Kilisoma umri wa kila mtu wa nyumba, vifaa vyake na faili lake la zahanati, ili kijue umeme utakaohitajika mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo penye balaa, maana mashine haina haya.

Mafundi wenye busara huuficha ukurasa wa makadirio ya watu. Shija, pamoja na miaka yake kumi ya ufundi, siku hiyo alisahau. Aliuangaza mpango mzima ukutani sebuleni, mbele ya Nyamizi, mwalimu mwenye watoto watatu, na mama yake, Bi Kabula, aliyeketi kochini na mashine yake ya oksijeni ikinguruma kando.

"Paa linabeba paneli kumi na nne tu," Shija alieleza. "Zinatosha taa, friji, hita ya maji, na mashine ya bibi."

"Mpaka mwaka wa sita," Bi Kabula alisoma ukutani. "Mwaka wa saba nahamia wapi, mjukuu wangu?"

Shija aliona aibu. "Nisamehe, bibi. Ni makadirio tu."

"Wala usijali. Daktari wangu alinipa miaka miwili."

Nyamizi hakucheka. "Mrudishe mama. Miaka yote ishirini na mitano."

"Mwalimu, paa ni dogo, na paneli huchoka kadiri miaka inavyopita. Itabidi tutoe hita."

"Itoe. Tutaoga maji ya baridi, hatutakufa."

"Mnaniwekea umeme mpaka nifike miaka tisini na sita," alisema Bi Kabula. "Nitakuwa nafanya nini humu ndani?"

"Utakuwa unatusumbua, kama leo."

Shija aliingiza mabadiliko. Kipimapaa kilikokotoa upya kule juu, kisha sauti yake ikasikika sebuleni, yenye upole uleule kinaoutumia kutaja vivuli.

"Paneli hazitoshi. Kuanzia mwaka wa kumi na tisa, mashine za oksijeni zitakuwa mbili."

"Mbili?" Nyamizi aliuliza. "Ya pili ya nani?"

Shija aliharakisha kuzima sauti, lakini alichelewa.

"Ya Nyamizi."

Bi Kabula, aliyekuwa akikitania kifo chake mwenyewe muda wote huo, aliuvuta mkono wa binti yake, akaukumbatia kifuani, akaanza kulia.