Mama Mkwe Alifunga Mdomo, Sauti Ikaendelea

Nina miaka thelathini na mmoja, mjane, mama wa binti mmoja, Kerubo. Riziki yangu ni kurekodi video za harusi na mazishi hapa Keumbu. Wasomaji wenzangu, kazi hiyo hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani kwangu...

Mume wangu alipofariki, mama mkwe alinishika kama binti wa kumzaa. Siku moja kwake Nyansiongo, akimenya ndizi jikoni, aliniambia nitoe simu nimrekodi. Akasema wazi kwamba shamba la majani chai la mteremkoni ni langu na Kerubo, mtu asituguse. Katikati ya maneno wingu la mvua likatanda, jikoni kukawa giza. Nikaendelea kurekodi.

Haukupita muda, tukamzika.

Shemeji yangu Mogaka aliomba simu yangu eti amwone mama kidogo. Iliporudi, video haikuwemo! Nilipomuuliza alicheka. "Shemeji, simu yako imezeeka, inasahau."

Nani aliifuta? Sina ushahidi... lakini tangu siku hiyo sikumwamini tena.

Nilibaki na nakala moja tu, niliyokuwa nimeibadilisha kwa kompyuta ili icheze kwenye televisheni. Sikuwa nimeitazama yote. Siku ya kugawa mashamba, nikaiwasha mbele ya ukoo mzima.

Mwanzo ulikuwa sawa. Kisha lile giza likaingia, na picha ikaanza kukimbia. Mama akafunga mdomo, akainamia ndizi zake, na sauti yake bado inasema, "...ni la Kerubo." Wanawake wakapiga mayowe!

"Mnaona?" Mogaka akaruka. "Huyu amemwekea marehemu maneno!"

Ningewaelezaje? Penye giza, simu hupunguza idadi ya picha inazopiga kila sekunde ili ipate mwanga. Programu yangu ilidhani idadi ni ileile mwanzo hadi mwisho, ikazicheza zote kwa mwendo mmoja. Picha zikatangulia, sauti ikabaki nyuma.

Nikarudi dukani kwangu Keumbu. Nikaikata sehemu ya giza vipande vipande, nikapunguza mwendo wa kila kipande mpaka midomo na sauti vikakutana. Nililia. Mama alikuwa anazungumza nami tena!

Nikawapelekea mbio. Video ikacheza bila kasoro. Kisha baba mdogo wa mume wangu, mzee wa kanisa niliyemtegemea, akauliza kwa upole, "Mama Kerubo, juzi mdomo ulikataa. Leo umekubali. Ni nani ameufundisha?"

"Si ni yeye!" Mogaka akadakia. "Aliyeweza kutengeneza leo, alishindwaje kutunga jana?"

Ukoo ukampa Mogaka shamba, nasi tukafukuzwa nyumba yetu ya pale. Sasa majani yale yanachumwa na mke wa Mogaka, na sisi tunalala nyuma ya duka langu.

Ndugu zangu, nawasihi, neno la mzazi lisikae kwenye simu moja! Waiteni wengine wasikie angali hai. Itazameni pamoja ile video ya kwanza, kabla mashine haijaigusa. Mimi niliunyoosha ukweli nikiwa peke yangu, mlango umefungwa... na hakuna aliyeuamini tena.