Karatasi Sita

Hebu vuta picha ya chumba kisicho na dirisha, chenye vizimba sita. Katika kila kizimba kuna ndege mdogo msafiri, wino miguuni na karatasi kwenye kuta za kizimba chake. Msimu wa kuhama ukifika, ndege hurukia upande anaotaka kwenda, na nyayo zake hubaki kwenye karatasi. Siku zote zilielekea kusini.

Aliyewalisha ni rafiki yangu. Shemeji yake, mtafiti, alimwahidi kwamba angewaachia ndege hao pindi wenzao wa porini wakianza safari.

Siku moja mtafiti akamwambia, "Nimeshawaachia, shemeji. Ukipata nafasi, kaoshe vizimba."

Basi rafiki yangu akaacha kupeleka chakula. Alipoingia wiki mbili baadaye, aliwakuta wote sita wamekufa, wamekauka. Wino nao ulikuwa umekauka. Akamwita mtafiti.

"Ulinidanganya, shemeji."

Mtafiti akaingia, akasimama kwenye kona. "Nilitaka siku mbili zaidi za utafiti, kisha nikawasahau. Ndege tu hao."

Umeme ukakatika. Gizani wakasikia miguu midogo ikikwaruza karatasi, taratibu, katika vizimba vyote.

Taa iliporudi, ndege walikuwa vilevile, wakavu. Ukisahau mengine yote, tafadhali kumbuka hili: wino ulikuwa mbichi, na nyayo mpya zote zilielekea ile kona aliposimama mtafiti.