Gari la Milango Miwili

Kwanza ilisikika sauti. Ilitoka nyuma ya ukuta wa matofali, kando ya barabara ya Kipushi, nzito na laini kwa pamoja, kama mtu anayecheka akiwa amefunga mdomo. Syntiche Ntumba aliyajua magari ya Lubumbashi kwa masikio: taxi zinazokohoa, malori ya shaba yanayotikisa madirisha. Sauti hii hakuijua. Na Syntiche akikutana na kitu asichokijua, miguu yake huenda yenyewe.

Alishuka kwenye taxi kabla ya kufika kwake, akaingia getini na gauni lake la rangi ya haradali na vumbi la maabara ya Kipushi, ambako alikuwa akipima mawe ya zinki kutwa nzima.

Ndani palikuwa parking ya kuuzia magari ya mitumba. Katikati ya majeep yaliyochoka ililala coupé moja nyekundu ya divai, chini, ndefu, yenye milango miwili tu na paa lililoinama kama mgongo wa paka. Mbele yake kijana mwenye shati jeupe na viatu vinavyong'aa alisimama amekunja mikono, kama mtu mbele ya nyumba yake.

"Papa, usiizime," Syntiche akamwambia mzee Kapya, mwenye parking, aliyeketi kwenye usukani. "Minataka kusikia tena."

Kijana akageuka. "Mademoiselle, hii gari nilishaichagua."

"Sikukuja kukuibia. Kusikia tu haimalize gari ya muntu."

Mzee Kapya akacheka, akakanyaga mafuta tena. Sauti ikajaa ua mzima. Syntiche akafumba macho, na kijana yule, Élie Mwenze, mpima ardhi wa ofisi moja ya migodi pale mjini, akasahau kuitazama gari.

Alipofumbua macho, msichana alianza maswali. Kwa nini milango miwili? Kwa nini viti vya ngozi katika mji wa joto na vumbi? Akachuchumaa, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki kati ya ardhi na tumbo la gari.

"Unakaa wapi?" akauliza.

"Kampemba."

"Basi umekwisha! Ku Bel-Air kwetu, mule mule Kampemba, mashimo ya avenue inaweza kumeza mbuzi. Hii gari itabakisha tumbo njiani."

"Gari sawa hii, muntu anajifunza njia yake," Élie akajibu, shingo juu. "Mi sinunue gari ju ya mashimo. Minanunua ju ya ile siku mashimo itaisha."

"Ah bon! Na volant, huu usukani, iko kuume. Huku tunatembelea kuume. Utakuwa unakaa upande wa majani, sawa muntu anahesabu mbuzi."

"Ilitoka Japon. Bantu bazuri banakuyaka vile balizaliwa."

Syntiche akacheka hadi akashika mlango. Élie akaufungua mlango ule mrefu, akamwambia akae, asikie harufu ya ngozi. Akakaa. Siku hiyo Élie aliondoka na gari, na namba ya simu.

Miezi iliyofuata walijifunza gari ile pamoja, kama watu wawili wanaojifunza lugha moja. Walijifunza kupita kwenye matuta ya barabarani kwa pembeni, gurudumu moja baada ya jingine. Walijifunza kwamba vumbi la kiangazi linaziba kichujio cha hewa upesi, na kwamba mafuta mabaya huifanya injini inune. Kila jambo Syntiche alitaka kujua sababu yake. Jioni simu ilikuwa inaita.

"Chérie, leo imekataa kuwaka asubuhi."

"Ulimuuliza ju ya nini?"

"Banaulizaka gari?"

"Mi ningemuuliza."

Kiti cha dereva kilikuwa na vitufe vya kukumbuka: ukibonyeza, kiti kinajisogeza mahali pako. Siku moja Élie alimkabidhi ufunguo. "Kitufe cha kwanza ni changu. Cha pili, weka yako." Syntiche akasogeza kiti taratibu, mbele, juu, akabonyeza. Ndani ya gari ile, mahali pake palikuwa pamewekwa.

Mamake, Mama Léonie, mwuza vitenge, mzaliwa wa Kasai anayeishi Bel-Air, mwenye ulimi mwepesi, alimjua Élie kwa mbali. Aliwahi kumwona mara chache akimshusha binti yake njia panda. "Ule kijana wako wa gari ya kulala chini," alikuwa akisema, "siku gani atakuja kusimama mbele yangu?"

Ndipo mvua ya Desemba ikaja na kuharibu kila kitu.

Mama Léonie alikuwa ametoka sokoni, furushi la vitenge kichwani, mwamvuli umepinduliwa na upepo. Taxi zote zilijaa. Akaiona coupé nyekundu ikija polepole, imechagua njia kati ya madimbwi. Na kwa kuwa usukani ulikuwa kulia, dereva alipita karibu kabisa na yeye, kioo kwa uso, kiasi cha kugusana. Élie alimwona. Mama alimwona akimwona. Kisha kijana akafunika uso kwa mkono, akakanyaga mafuta, akaenda.

Mama alifika nyumbani viatu mkononi.

"Ule bwana yako alinipita! Macho ku macho! Anaogopa bulongo yangu, haya matope, itachafua ngozi yake ya Japon!"

Syntiche akapiga simu palepale.

"Élie, ulimuona mama yangu mu mvua?"

"Nilimuona."

"Na ulipita?"

"Sikuweza kusimama."

"Ju ya nini?"

Élie alikuwa na jibu, lakini jibu lile lilikuwa na neno moja asiloweza kulitamka bado. Neno ambalo kwao husemwa na wajomba kwanza, wakiwa wameketi, si na kijana kwenye simu. Na alikuwa mtu wa kiburi. Akasema tu, "Siku moja utaelewa."

"Siku moja? Baki na gari yako basi."

Akakata. Élie hakupiga. Syntiche hakupiga. Alikwenda Kipushi na kurudi, akapima mawe yake, na kila gari lililopita likawa ni kelele tu.

Lakini udadisi haukumwacha. Mawe yalimfundisha kwamba kipimo kisichokubaliana na vingine hakitupwi, kinapimwa tena. Na hapa kulikuwa na kimoja kisichokubali: ule mkono usoni. Mtu mwenye majivuno hupita akiwa ameinua kidevu. Huyu alijificha kama mtoto. Kwa nini?

Jumamosi, jua limetoka, alimkuta mahali pa kuoshea magari, Kampemba. Élie alikuwa amevua shati, amebaki na singlet, anapuliza vumbi kutoka kwenye kichujio. Alikuwa amekonda.

"Sikukuja kusamehe," Syntiche akasema. "Nilikuja kuuliza. Ju ya nini ulifunika uso?"

Élie akaweka kichujio chini. Akatazama kushoto, kulia.

"Syntiche, angalia hii gari. Milango ngapi?"

"Mbili."

"Mama angepanda wapi? Mbele, pembeni yangu, bega ku bega? Ao nyuma? Kwa kupita nyuma, banakunja kiti, muntu anainama, anavuta kitenge, anaingia sawa anaingia mu tundu. Mama yako, anainama vile mbele yangu! Na mi naangalia wapi? Kwetu, babu yangu wa reli, wa chemin de fer, akikutana na mama ya muke wake njiani, anaingia mu majani, ju ya heshima, mpaka apite. Mi sikuwa na majani. Nilikuwa na mukono tu."

Syntiche akaitazama milango ile miwili.

"Nilisimama mbele, ku rond-point, ku ile mzunguko ya njia," Élie akaendelea haraka. "Nikatuma taxi. Nikamwambia chauffeur: rudia nyuma, beba mama mwenye mwamvuli imevunjika."

"Mama alifika na miguu!"

"Basi ile taxi ilibeba nani?"

Wakatazamana. Mahali fulani mjini palikuwa na mama mwingine, mwenye mwamvuli mbovu, aliyefikishwa kwake bure na hadi leo hajui kwa nini. Syntiche akaanza kucheka, kisha akakatiza kicheko katikati.

"Ngoja. Babu yako alikimbiaka nani?"

"Mama mukwe wake."

"Na wewe ulikimbia nani?"

Masikio ya Élie yakawa ya moto. Neno lilikuwa limeshatoka nje, bila wajomba, bila viti, katikati ya ndoo za sabuni.

"Nani alikupa mama mukwe?" Syntiche akauliza, sauti yake imeshuka. "Ulimuomba nani? Mi sikumbuki kuombwa."

"Ile siku ya kitufe," Élie akasema. "Tangu ile siku, mu roho yangu, mama yako ni mukwe. Nilisahau kukuambia. Sasa minakuomba. Bajomba batakuya kuomba kwa desturi, lakini mi mwenyewe minakuomba hapa. Unikubalie."

Syntiche alitoa simu kwenye mkoba, akampigia mamake, akaweka sauti nje, kwenye haut-parleur. Akamsimulia yote: babu, majani, mkono, taxi. Upande wa pili kikasikika kicheko kikubwa cha Mama Léonie, kikapanda, kikashuka, kikakatika ghafla.

"Syntiche! Ule kijana eko pembeni yako?"

"Eko, mama."

"Ananisikia?"

"Anakusikia."

"Toa ile haut-parleur mbio! Muntu anazungumuza na mukwe wake ivi, mu masikio, sawa bantu ya soko? Hii ni bila heshima! Na umwambie avae shati. Sijamuona, lakini minajua hana shati."

Élie akaruka kulichukua shati lake. Syntiche alicheka huku machozi yakimshuka. Mamake alikuwa amekubali, kwa njia ile ile iliyomfanya amkasirikie kijana: kwa kumkimbia mkwe.

Simu akaibana sikioni. "Mama anauliza," akasema, "kama hii gari inaingia mu jamaa, yeye hatapanda hata siku moja? Atakuwa anaiona tu ikipita?"

"Na wewe?" Élie akamuuliza. "Wewe unajibu nini?"

"Mi ninapanda. Ndiyo. Sasa jibu mama."

Élie akafunga kifungo cha mwisho cha shati. Akaigeuzia simu mgongo, kama inavyotakiwa, akaongea na ukuta, kwa sauti iliyofanya waoshaji wote waache vitambaa vyao:

"Mwambie mama: siku yoyote akitaka kupanda, mchana ao mvua, mi ninashuka. Syntiche ataendesha, mama atakaa mbele sawa malkia, na mi nitakuya nyuma yao na miguu mpaka Bel-Air, mu bulongo, na hivi viatu vyangu."