Tanga Lililoota Kuvu

Kila alipotoka shule, Yudith alibadili sare, akala viazi alivyowekewa na bibi yake, kisha akateremka hadi kibanda cha mama yake karibu na soko la Lushoto. Mama yake, Zipora, alikuwa fundi wa kushona maturubai ya malori yanayobeba mboga kwenda mijini. Yudith, mwanafunzi wa darasa la sita, alimsaidia kufagia na kukunja. Kazi haikumchosha. Kilichomshinda ni uchafu. Hata kamasi za mtoto wa jirani zilimfanya ageuze uso.

Jumatatu moja alimkuta pale Bwana Rajabu, mwenye mashua ndogo jijini Tanga, ambako Zipora alijifunzia ufundi wake. Alikuwa ameleta tanga la mbele la mashua yake. Yudith alimwamkia, kisha akauliza tanga lina shida gani. Bwana Rajabu alimweleza kwamba tanga hilo halishushwi mashua inapotia nanga. Huviringishwa palepale mbele ya mlingoti, kama mkeka uliosimamishwa. Basi ukingo unaobaki nje hupigwa na jua kila siku hadi nyuzi zinakatika, na dhoruba ikija, upepo huingia pale palipolegea na kulichana lote. Alitaka ukingo ushonewe utepe mpana wa turubai, ili jua lipige utepe na si tanga, na pia ashonewe mfuko mrefu wa kulivisha wakati wa dhoruba.

Kesho yake Zipora alikuwa anakwenda kijiji cha Gare kumuuguza dada yake kwa siku tano. Alimwachia binti yake kazi moja.

"Lioshe kwa sabuni, pande zote mbili," alisema. "Likauke kabisa ndipo ulikunje. Nikirudi nitashona."

Yudith alipolikunjua uani, aligeuza uso. Kinyesi cha ndege kilikuwa kimegandamana kwenye mikunjo. Mjusi aliyekufa alikuwa amebanwa ndani, mkavu, mdomo wazi. Harufu ilikuwa ya samaki aliyesahauliwa kwenye ndoo. Alimwondoa mjusi kwa kijiti, akatema mate mara tatu, akamwaga maji ndoo mbili juu juu bila kuligusa tena. Siku hiyo ukungu ulikuwa umefunika milima na jua halikuonekana. Hakusubiri. Alilikunja likiwa bichi, akalisukuma kwa mguu ndani ya gunia la plastiki, akalifunga kwa kamba. Mama alipopiga simu kutoka Gare kuuliza, Yudith alijibu kwamba limeoshwa na limekauka.

Jumapili, baada ya ibada, Zipora alifungua gunia. Harufu iliyotoka iliwafanya wote wawili warudi nyuma. Kuvu jeusi lilikuwa limetapakaa kwenye kitambaa, mikunjo ilikuwa na utelezi kama kamasi, na mende watatu wakakimbilia chini ya cherehani. Yudith alitapika mlangoni.

Zipora alisimama akiwa ameziba pua kwa kanga. Hakuwa na sababu ya kumshuku mwanawe. Alimpigia simu Bwana Rajabu na kumwambia kwa ukali kwamba amemletea tanga lililokwisha kuoza, wala hatalishona.

Sauti ya Bwana Rajabu ilisikika wazi kibandani. "Nisamehe sana, dada Zipora. Pengine sikulitazama vizuri. Nitakuja kulichukua mwenyewe."

Yudith alimsikia mtu mzima akiomba radhi kwa kosa lisilo lake, na kichefuchefu kikarudi. Safari hii hakikutokana na kuvu. Alijichukia mwenyewe.

"Mama, usikate simu," alisema. "Ni mimi. Sikuliosha. Nililikunja likiwa na maji, nikakudanganya."

Zipora alirudisha simu sikioni. Kisha alimwomba Bwana Rajabu msamaha, akamweleza ukweli wote na kuahidi kulisafisha kadiri atakavyoweza. Baada ya kukata simu alisema taratibu, "Uchafu uliokuchukiza mwanzo ulikuwa wa ndege. Huu ni wetu. Chukua brashi."

Wiki ile, kila jioni, Yudith alipiga magoti uani akilisugua tanga kwa brashi laini, sabuni na maji ya ndimu. Utelezi uliingia kwenye kucha zake. Mara mbili alikwenda pembeni kutapika, akarudi. Asubuhi yenye jua bibi yake alilitandaza kwenye kamba, na mama hakushona hata mshono mmoja kabla ya kupitisha kiganja kwenye kila pindo kuhakikisha ni kavu.

Bwana Rajabu alipokuja, tanga lilikuwa na utepe wa buluu ukingoni na mfuko wake pembeni. Madoa machache ya kijivu yalikuwa yamegoma kutoka. Yudith aliyaonyesha mwenyewe, moja baada ya jingine, akaomba radhi.

Bwana Rajabu aliyapapasa. "Madoa hayazuii upepo," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Kufunika si kutunza. Ukifunika kitu kikavu, utakilinda na jua na mvua. Ukifunika kibichi, kitaharibikia humo humo, na siku utakapokifungua, harufu itawafikia hata wasio na hatia. Kosa nalo ni vivyo hivyo. Lianike mapema."

Yudith aliitikia, kisha akamsaidia kubeba tanga hadi kwenye gari, akiwa amelikumbatia kwa mikono miwili.